Betri Kumi na Nne

"Ripoti ya daktari inasema nini?" mkubwa wa kituo aliuliza bila kuinua macho.

"Umeme, afande. Uliingia mkono mmoja ukatokea mkono wa pili."

"Nyumbani kwa marehemu kuna stima?"

"Hakuna. Sehemu ile ya Mashimoni haina hata waya. Stima iliyo karibu iko Makina."

"Kwa hivyo kulikuwa na nini?"

"Betri ya gari."

"Na nani?"

Sajenti Syokau aligeuza macho kuelekea korido, kwa maana jibu lilikuwa sero namba mbili, likinyonyesha mtoto.

"Mke," mkubwa alijijibu. "Jumatano anasema mbele ya majirani kwamba betri itammaliza mumewe. Alhamisi betri inammaliza mumewe. Mimi sijasoma sana, lakini hiyo hesabu naiweza. Kesho saa tatu asubuhi yuko mbele ya hakimu. Kama una neno lingine, niletee kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kama huna, tia sahihi twende mbele."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Ilikuwa Jumatatu, tarehe nne Julai 1994, na ule ukungu wa baridi wa mwezi wa saba ulikuwa umeukalia mji tangu alfajiri kama mgeni asiyejua kuaga. Syokau alitoka ofisini bila kutia sahihi. Wenzake walizoea kumtania kwamba hata chai huihoji kabla ya kuinywa, na hawakumsingizia. Lakini wasiwasi wake ulikuwa na faida moja: haukumruhusu kutia sahihi jambo asilolielewa, na kifo cha Nicanor Opondo hakukielewa hata kidogo.

Nicanor alikuwa mwashi, mtu wa miaka thelathini na miwili. Tangu Kombe la Dunia lianze alikuwa amekigeuza chumba chake kuwa uwanja wa mpira: runinga ndogo isiyo ya rangi, betri chini ya meza, majirani hadi juu ya kitanda. Alhamisi jioni mkewe alirudi kutoka kuuza dagaa wa omena akamkuta sakafuni kando ya betri ile, amekufa.

Apiyo, mke wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye pembe ya sero, mtoto wake wa miezi minne, Adhis, amefunikwa kwa leso. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Mama Adhis, nieleze tena. Mlango ulikuwaje?"

"Nimeeleza mara ngapi, afande? Ulikuwa umerudishwa tu. Yeye alikuwa hapo chini, waya huku, waya huku." Alifumba ngumi mbili kumwonyesha. "Nikavuta hizo waya. Zikatoka tu."

"Hazikukataa?"

"Zilitoka kama kitu imewekelewa."

"Na yale maneno ya Jumatano?"

Apiyo alimtazama kwa uchovu. "Chumba ni futi kumi kwa kumi. Watu ishirini wanaingia, huyu mtoto hajapata usingizi wiki mbili. Nikamwambia, baba Adhis, hii betri itakumaliza. Si hayo ni maneno ya nyumba? Nani hajawahi kusema?" Kisha sauti ikashuka. "Wakinipeleka jela ya Lang'ata, mtoto atakuja na mimi ama watamchukua?"

Syokau aliinamisha macho kwa aibu. Alifungua daftari lake. Ijumaa, kwenye chumba cha maiti, alikuwa amechora viganja vya marehemu. Katika kila kiganja kulikuwa na alama ya kuungua, mistari myembamba iliyolala sambamba, imepangana vizuri kama iliyopigwa kwa rula. Waya alizovuta Apiyo zilikuwa kwenye bahasha ya ushahidi. Alizipitisha kidoleni. Zilikuwa shaba tupu, laini mwanzo hadi mwisho.

Waya laini haiachi mistari. Hilo peke yake lilimfanya achukue betri, aitie kwenye gunia, na kumwita konstebo mmoja ambebee.

*

Musimbi alikuwa fundi wa redio nyuma ya msikiti wa Makina, na watu wa pale walikuwa wameshaacha kushangaa kwamba fundi ni mwanamke. Kibanda chake kilijaa redio zilizopasuliwa matumbo. Aliigonga betri kwa kishikio cha bisibisi.

"Hii ndiyo imeua mtu? Nani amesema?"

"Serikali."

"Basi serikali ilete mikono." Alisukuma ndoo ya maji kwa mguu. "Lowesha, Sajenti. Halafu shika hizi nguzo mbili, mkono huku na mkono huku."

Konstebo alirudi nyuma hatua mbili. Syokau aliitazama betri. Ubavuni iliandikwa 70, na juu mtu alikuwa amepaka rangi nyeupe, namba 14.

"Imeandikwa ampea sabini," alisema. "Na mimi nimesikia kinachoua ni ampea."

"Umesikia vizuri. Lakini hiyo sabini ni chakula kilicho kwa sufuria, si kile utalazimishwa kumeza. Shika."

Syokau alishika. Alingoja. Alihisi ubaridi wa nguzo na maji yanayochuruzika hadi kwenye kiwiko, basi.

"Umeona?" Musimbi alisema. "Sikiza. Mkokoteni umekwama kwa matope. Volti ni yule mtu anasukuma. Matope ni mwili wako, unakataa. Ampea ni vile mkokoteni unaenda. Sasa hii betri ni mtu mmoja, volti kumi na mbili. Atasukuma mpaka jasho imtoke, lakini kwa mwili wa mtu mzima, mkono kwa mkono, kitakachopita ni kidogo hata huwezi sikia. Haiwezi kuua."

"Na nikitaka mkokoteni uende?"

"Punguza matope, kama vile tumelowesha mikono. Na hiyo hapa haijasaidia. Ama uongeze watu wa kusukuma."

Syokau alijifuta mikono kwenye sketi. Furaha aliyoisikia ilikuwa fupi. Kama si betri hii, basi Nicanor hakufia pale alipokutwa. Lakini mahakamani neno la fundi wa redio wa Makina lingesimama wapi mbele ya neno la mkubwa wa kituo? Hakimu angeuliza swali moja tu: kama si hapa, ni wapi? Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Funga kibanda," alimwambia Musimbi. "Na ubebe ile mita yako."

*

Sella alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na akina Nicanor kule Mashimoni. Ndiye aliyewaambia polisi habari za ugomvi, na sasa alikuwa akifua nguo mlangoni huku hataki kumtazama Syokau usoni.

"Alhamisi mchana ulikuwa hapa?"

"Siku yote. Mvua ilikuwa inanyunya, nilikuwa kwa mlango na jiko."

"Nani aliingia kwa Nicanor?"

"Hakuna mtu. Ni wale wa betri tu."

"Wale wa betri ni kina nani?"

"Sifuna, yule wa mkokoteni. Yeye huleta betri za watu kutoka Kawangware zikishachajiwa. Kila Jumamosi."

"Alhamisi si Jumamosi, dada."

Sella aliacha kusugua. "Hata mimi nilishangaa. Lakini nikasema ni mambo ya Kombe la Dunia. Kulikuwa na mwenzake, mwanamume amevaa dasti koti ya bluu kama ya fundi, na glavu nyekundu. Walikuwa na funguo, nikajua Nicanor amewapa. Walibeba betri, halafu godoro."

"Godoro?"

"Limekunjwa, limefungwa kamba. Walikuwa wanapumua kama ng'ombe. Nikasema, huyu Nicanor sasa anawawekea mashabiki mpaka kitanda."

Syokau aliingia chumbani kwa Nicanor. Ilimchukua dakika moja kumaliza kukipekua, kwa kuwa hakikuwa na pa kuficha kitu. Kulikuwa na kitanda kimoja chenye godoro moja, kuukuu, lenye shimo katikati. Alitoka tena.

"Hilo godoro liko wapi?"

"Si walirudi nalo," Sella alisema. "Yule Sifuna alilitoa peke yake. Alikuwa ameliweka kwa kichwa."

Godoro lililowalemea wanaume wawili wakati wa kuingia lilikuwa limetoka juu ya kichwa cha mmoja. Sella mwenyewe aliliona hilo lilipokuwa likimtoka mdomoni, na mikono yake ikabaki imening'inia juu ya beseni.

"Mbona hukusema, Sella?"

"Mliuliza nani aligombana na nani," alisema polepole. "Hamkuuliza nani alikuja."

*

Duka la kuchaji betri lilikuwa Kawangware, nyuma ya soko, mabati manne na harufu ya asidi iliyokwangua koo. Walifika saa tisa na nusu. Foleni ya watu ilikuwa imejipinda hadi nje, kila mmoja na betri miguuni, kwa kuwa kesho yake Nigeria ingecheza na Italia na hakuna aliyetaka kuhadithiwa. Kando ya mlango mwanamume mrefu mwenye mabega ya kazi alikuwa ameketi juu ya mkokoteni. Chini yake alikuwa ametandika godoro.

"Wewe ndiye Sifuna?"

"Ni mimi, afande." Alisimama. Kisha macho yake yakashuka kwenye godoro, yakapanda, yakatafuta pa kwenda.

"Ingia ndani na sisi."

Mwenye duka aliitwa Duncan, mtu mnadhifu aliyevaa dasti koti ya bluu. Glavu zake nyekundu za mpira zilifika viwikoni. Alimpangusia Syokau kiti kwa kitambaa.

"Nimesikia habari za Nicanor, afande. Nilihuzunika sana. Alikuwa mtu wangu."

"Alhamisi alikuja hapa?"

"Asubuhi na mapema. Akaacha betri, mimi nikatuma Sifuna ampelekee ikiwa tayari. Baadaye hata nisingeweza kufanya kazi, stima ilipotea saa saba, ikarudi saa kumi na moja. Uliza mtu yeyote Kawangware. Kwa hivyo hata ukisema alishikwa na stima hapa, stima yenyewe ilikuwa wapi?"

Syokau alikuwa hajasema lolote la mtu kushikwa na stima hapa. Alilitia neno hilo akibani, lakini halikumfikisha mbali, kwa sababu alijua kwamba habari ya stima kupotea ilikuwa ya kweli. Walipofika tu, konstebo alikuwa amewauliza watu wa foleni habari za Alhamisi, na wote walisema vilevile: saa saba hadi kumi na moja, giza tupu hata kwenye posho mill ya kusaga unga. Na kwa maelezo yaliyokuwa kwenye daftari lake, Nicanor alikuwa ameonekana Makina saa saba na nusu, mzima, akielekea huku kwa miguu. Hata akijua kwamba Duncan ni mwongo, angemshtaki kwa stima gani?

Aligeuka kuzitazama betri. Zilikuwa kumi na nne, juu ya benchi la mbao lililopinda kama kwato ya punda, kila moja imepakwa namba nyeupe ya nafasi yake kama ile ya Nicanor, na kuungwa na jirani yake kwa kipande cha bati nene. Kwa jinsi benchi lilivyopinda, ya kwanza na ya mwisho zilikuwa zimekaribiana, nafasi ya kifua cha mtu baina yao. Kwenye nguzo za hizo mbili ndiko waya za chaja zilikofungwa. Hazikufungwa kwa klipu za dukani. Duncan alikuwa amejitengenezea zake, bolti mbili nene za chuma, ndefu kama kidole, zenye mistari ya kukazia kutoka juu hadi chini.

Syokau alifungua daftari, akaliweka kando ya bolti. Mistari ya kwenye karatasi na mistari ya kwenye chuma ilipishana vilevile. Alilifunga haraka kabla Duncan hajaliona.

"Hizi unazifungua vipi?"

"Zote mbili mara moja," Duncan alisema, na kwa mara ya kwanza alisikika akijivunia kitu. "Mkono huu na mkono huu, unazungusha pamoja. Ukifungua moja moja zinaruka cheche, na hapa kuna hewa ya asidi, inaweza kulipuka. Hiyo ni sheria ya duka langu."

"Na glavu ni za stima?"

"Glavu ni za asidi, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Hii maji inakula ngozi. Stima mimi huzima kwanza. Ikishazimwa hapa hakuna kitu, ni kumi na mbili, kumi na mbili tu. Hata mtoto anaweza kushika."

"Basi zima tuone."

Swichi kuu ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Duncan alipotoka, konstebo nyuma yake, Musimbi alikuwa ameshachomoa mita. Taa ya chaja ilizimika. Alipima betri moja: kumi na mbili na kidogo. Akapima ya pili, ile ile. Kisha akaupeleka waya mmoja wa mita kwenye bolti ya mwanzo na mwingine kwenye bolti ya mwisho, na mshale ukaruka. Alimgeuzia Syokau mita bila kusema. Mia moja sabini na moja.

"Lakini stima imezimwa," Syokau alinong'ona.

"Hizi hazingoji stima. Angalia, chanya ya hii imeshikana na hasi ya ile, mpaka mwisho. Hawa ni watu kumi na wanne, kila mmoja nyuma ya mwenzake, mkokoteni mmoja." Sauti ya Musimbi ilikuwa imekauka. "Yeye huvaa glavu. Kwa hivyo miaka yote hajawahi kujua. Mtu wa kawaida akishika hizi bolti na mikono ya mvua, misuli inakaza. Hata akitaka kuachilia hawezi."

Ndiyo hiyo basi. Alhamisi ya mvua, stima hakuna, Nicanor ana haraka ya mechi ya Nigeria. Mwenye duka anamwambia fungua tu, hakuna kitu. Syokau aliliona jambo lote, na papo hapo akaona pia pengo lake. Mistari ya bolti? Bolti zimejaa Nairobi. Godoro? Sella angesimama kizimbani na kukiri kwamba alinyamaza siku nne. Duncan angekana na Sifuna angekana, na hesabu ya mkubwa wa kituo ingebaki palepale. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Ukitoa kipande kimoja cha katikati," aliuliza, "nini hufanyika?"

"Njia ikikatika mahali pamoja imekatika yote. Hakuna kinachopita."

"Kitoe."

Musimbi alichukua koleo yenye vishikio vya mpira, akalegeza bati baina ya betri ya saba na ya nane, akalivuta upana wa kidole, akatupia kitambaa juu. Hatua za Duncan zilikuwa zimefika mlangoni. Sifuna alikuwa amesimama kule mwisho, uso ukutani. Hakuwa ameona kitu.

"Nimezima, afande."

"Asante. Sasa nionyeshe ile sheria ya duka. Fungua zote mbili." Duncan alinyoosha mikono yake myekundu. "Bila glavu."

Mikono ilisimama hewani.

Duncan akishika, hatadhurika; njia ilikuwa imekatwa. Lakini akishika na kutabasamu, mambo yamekwisha. Angetoka pale kifua mbele, na kesho saa tatu Apiyo angesimama mbele ya hakimu na mtoto mgongoni. Syokau alikuwa ameweka uhai wa mwanamke yule juu ya vidole vya mwanamume huyu.

"Umesema hata mtoto anaweza," alimkumbusha.

"Nimesema." Duncan alilamba midomo. "Lakini asidi, afande. Nina kidonda."

"Kidonda kiko wapi?"

Duncan hakuonyesha kidonda. Polepole alizirudisha glavu zake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeiba nyama. "Mimi si mtu wa kuchezewa mbele ya wateja," alisema. "Kama una mashtaka, niandikie."

Kukataa si ushahidi. Syokau alijua, na Duncan naye alijua. Wakili yeyote angesema, mteja wangu alikuwa na kidonda. Basi Syokau alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, na kuchovya mikono yake miwili kwenye karai la maji lililokuwa chini ya benchi.

"Kama hakuna kitu, nitafungua mimi."

Musimbi alimtazama, akaitikia kwa kichwa, kidogo sana. Ni salama, ndivyo alivyomaanisha. Lakini pengo lenyewe lilikuwa upana wa kidole, chini ya kitambaa. Vipi kama bati limerudi mahali pake? Syokau aliinama. Mkono wa kulia kwenye bolti hii, wa kushoto ukielekea ile. Duncan alikuwa akitazama dari.

"Usishike!"

Kitu kizito kilimgonga ubavuni. Alijikuta sakafuni, na Sifuna juu yake, amemkumbatia mikono yote miwili kama mtu anayemvuta mwenzake kutoka mtoni. Alikuwa akilia.

"Usishike, mama, usishike. Ndivyo alishika. Ndivyo hivyo alishika yule, na stima ilikuwa imepotea."

Huko nje watu wa foleni walijisogeza mlangoni. Duncan alianza kufungua mdomo. Konstebo alimshika kola.

Syokau hakuinuka kwanza. "Nani alimwambia ashike, Sifuna?"

"Duncan. Alisema fungua mwenyewe, leo hakuna stima." Alijipangusa kwa mkono. "Tulimvuta na kamba. Mimi nikasema tumpeleke hospitali. Duncan akasema hospitali watauliza, watu watavunja duka, na mechi bado ziko. Akasema yule ana betri kwake, watasema ni betri. Tukamfunga kwa godoro, tukamtia kwa mkokoteni."

"Alikuwa amekufa?"

Sifuna aliangalia mikono yake.

"Mama, alikuwa na joto. Nilikuwa nikimsikia anapumua nyuma yangu. Mpaka Dagoretti Corner alikuwa anapumua."

*

Mkubwa wa kituo aliyasoma maelezo ya Sifuna mara mbili. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika saba. Hakusema amekosea, alichana tu ile karatasi iliyokuwa ikingoja sahihi, akaitupa kwenye kapu, na kumsukumia Syokau funguo za sero namba mbili.

Apiyo alikuwa amesimama tayari. Habari hutembea haraka kuliko funguo.

"Wamesema naenda nyumbani."

"Unaenda nyumbani, mama Adhis. Hakuna kesi juu yako."

Apiyo aliketi tena. Alilia kidogo bila sauti, kwa nafuu ya kulala nyumbani, kisha akajikaza na kumpanga mtoto begani. Alikuwa na swali moja, na Syokau alikuwa amelijua tangu Kawangware.

"Ni hapo hapo aliisha? Ama kuna mahali wangeweza kumsaidia?"

Syokau angeweza kusema ni hapo hapo. Hata daktari asingembishia. Lakini Sifuna angesimama mahakamani na kulisema lile neno la Dagoretti Corner mbele ya watu, na mwanamke huyu angekuwa ameketi pale kwenye benchi la mbele. Aliingia sero, akarudisha mlango, akaketi kando yake na kunyoosha mikono.

"Nipe mtoto kwanza," alisema.